Mafuta ya Breki Yanapungua: Kuitafuta na Kuitengeneza Paipu Inayovuja kwenye Gari la Zamani

Mafuta ya breki hayaungui kama oili ya injini wala hayakauki kama maji ya rejeta. Yakipungua kwenye kopo, kuna mahali yameenda. Sababu moja tu ndiyo isiyo ya kutia hofu: pedi zikilika, pistoni za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) husogea nje kidogo kidogo, na nafasi inayobaki nyuma yake hujaa mafuta, kwa hiyo kiwango hushuka taratibu kwa miezi mingi. Lakini ukijaza leo na wiki ijayo ukajaza tena, gari linavuja, na kazi ya kwanza ni kuuona mvujo kwa macho kabla hujanunua kifaa chochote.

Nalisisitiza hilo kwa sababu masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) ndiyo hubebeshwa lawama za wote. Pedali ikizama, masta inang'olewa, inafungwa mpya, na kumbe paipu iliyooza juu ya ekseli ya nyuma inaendelea kudondosha. Gari la zamani lina mita kadhaa za paipu ya chuma zilizokaa chini kwenye matope na maji miaka yote, na hakuna anayezikumbuka mpaka zitoboke.

Kama pedali inafika sakafuni, gari lisiendeshwe hata kwa mwendo wa kinyonga. Wala lisivutwe kwa kamba, maana halina cha kulizuia lisimgonge anayelivuta. Lipandishwe juu ya gari la kubebea. Magari mengi yaliyoundwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana mkondo mmoja tu wa mafuta kwa magurudumu yote manne: paipu moja ikipasuka, breki zote zimekwenda na unabaki na hendibreki. Yaliyofuata yana mikondo miwili (Marekani iliifanya kuwa lazima kwa magari madogo kuanzia 1968), ama mmoja wa mbele na mwingine wa nyuma, ama kwa mshazari, mbele kulia na nyuma kushoto. Hapo mkondo mmoja ukipotea, pedali hushuka sana na gari huchukua umbali mrefu kusimama, ila husimama. Si ruhusa ya kuendelea na safari.

Je, ni mafuta ya breki kweli?

Gari la zamani hudondosha vitu vingi. Oili ya injini ni nzito na nyeusi. Mafuta ya gia otomatiki na ya usukani wa pawa aghalabu ni mekundu. Oili ya difu ni nzito zaidi na ina harufu kali ya kuchukiza. Mafuta ya breki ni mepesi, yana rangi ya maji yakiwa mapya na rangi ya chai yakizeeka, na yanateleza vidoleni bila unene wowote.

Ukiwa na shaka, dondosha matone mawili matatu kwenye glasi ya maji safi. Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 (daraja lililoandikwa kwenye chupa; yote matatu ni ya glaikoli) huzama na kuchanganyika, unakoroga kidogo na hayaonekani tena. Oili huelea juu na kutengeneza duara zenye rangi rangi. Kipimo hiki husaidia sana kwenye gurudumu la nyuma la gari lenye ekseli nzima, ambako oilsili ya ekseli iliyokufa hulowesha dramu (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu) ile ile ambayo ingeloweshwa na silinda ya gurudumu, ile inayosukuma viatu vya breki, na mtu akitazama kwa macho tu hatofautishi. Isipokuwa DOT 5: hayo ni ya silikoni, kwa kawaida yametiwa rangi ya zambarau, na hayachanganyiki na maji. Baadhi ya wenye magari ya kale huyapenda kwa sababu hayaharibu rangi ya bodi. Ukiyakuta, usiongezee mafuta ya aina nyingine juu yake.

Pedali inavyojieleza

Zima injini, kanyaga pedali mara nne tano ili umalize nguvu iliyobaki kwenye busta (kifaa kinachouongezea mguu nguvu), kisha ikanyage kwa nguvu na uishikilie kama dakika moja.

Ikizama taratibu chini ya mguu, shinikizo linapotea. Chunguza gari lote kwanza. Kama kila mahali ni pakavu na kopo halipungui, hapo ndipo masta silinda inapostahili lawama: sili zake za ndani zinaruhusu mafuta kurudi nyuma bila kutoka nje. Kama kopo linapungua na pedali inazama, usibishane na masta, tafuta ulowevu.

Ikishuka chini mara ya kwanza lakini ukipampu mara mbili tatu inapanda na kukaa, usidhani lazima ni mvujo. Mara nyingi ni viatu vya nyuma vilivyolika au visivyorekebishwa, ndani ya dramu. Ikipanda lakini inabonyea kama sponji, kuna hewa ndani, na hewa iliingia kwa njia fulani: ama kopo liliwahi kukauka, ama mahali panapotoa mafuta panavuta hewa pia.

Pedali ngumu kama jiwe huku gari halisimami ni habari ya busta au hozi yake ya upepo. Hilo ni tatizo jingine.

Gari likivutwa upande mmoja unapofunga breki, vua magurudumu ya ekseli ile. Pedi au kiatu kilicholowa mafuta hakishiki vizuri, na gari huelekea upande ulio mkavu. Hozi ya mpira iliyovimba ndani nayo hutoa dalili inayofanana, lakini yenyewe mara nyingi huacha gurudumu lake likiwa la moto kwa sababu mafuta yanapita kwenda na hayarudi.

Taa ya breki kwenye dashibodi iangaliwe kwa akili. Kwanza hakikisha hendibreki imeshuka. Kisha jua kwamba kwenye magari mengi taa hiyo huwashwa na boya lililo ndani ya kopo, kwa hiyo inapowaka kwenye kona na kuzima barabara inaponyooka, mafuta yako yamefika ukingoni mwa kiwango cha chini. Hapo tayari umechelewa kidogo.

Pa kuangalia, na kwa utaratibu gani

Anzia ndani ya gari, kwa sababu ni rahisi. Inua kapeti, angalia pale fimbo ya pedali inapoingia ukutani. Ulowevu hapo ni sili ya nyuma ya masta. Kama gari lina busta, mafuta hayatatokea ndani, yataingia kwenye busta na kujificha humo. Legeza masta kutoka kwenye busta, isogeze kidogo bila kukunja paipu, na upitishe kidole nyuma yake. Mafuta yakifika kiwango fulani ndani ya busta, injini huyanyonya kupitia hozi ya upepo na kutoa moshi mweupe kwenye eksozi. Kopo kupungua, chini kukavu, moshi mweupe: mambo matatu haya yakikutana, umepata jibu bila kulala chini.

Kisha inua gari, liweke kwenye stendi, zuia magurudumu. Usilale chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Vaa miwani ya kazi, maana mafuta haya jichoni si mchezo.

Angalia upande wa ndani wa kila tairi. Mistari ya unyevu inayoshuka kutoka katikati kwenda ukingoni inatoka kwenye kalipa au silinda ya gurudumu. Kwenye dramu, inua ukingo wa mpira wa vumbi kwa bisibisi: unyevunyevu mdogo unavumilika, mafuta yanayochuruzika hayavumiliki. Kunja hozi za mpira kwa mkono na utazame nyufa karibu na vichwa vyake. Mwambie mtu akanyage pedali huku wewe umeishika hozi. Ukiisikia inavimba kiganjani, imekwisha.

Sasa paipu zenyewe. Fuata kila moja kwa tochi na kitambaa kutoka kwenye masta hadi gurudumu. Sehemu mbaya ni zile zile karibu kila gari: juu ya ekseli ya nyuma, juu ya tangi la mafuta, kwenye matao ya magurudumu, na chini ya kila kibano kinachoshikilia paipu kwenye chesisi. Kibano ndicho adui mkubwa, kwa sababu matope hujikusanya nyuma yake na kubaki na unyevu hata gari likikaa juani wiki nzima. Nje ya kibano paipu inang'aa, chini yake imebaki ganda. Tafuta kiraka cha vumbi jeusi lililolowa wakati vumbi la pembeni ni kavu. Sugua kwa brashi ya waya kwa upole, halafu kwaruza kwa ncha ya bisibisi. Kutu ya juu juu hutoka kama unga mwekundu na chuma chini yake hakina vishimo. Kutu iliyokula hutoka kwa maganda na kuacha vishimo unavyovihisi kwa ukucha. Paipu zilizofunikwa kwa plastiki hudanganya zaidi: plastiki huvimba kama malengelenge, ukiitoboa unakuta maji ya rangi ya kahawia.

Usiamini tone lilipoangukia. Mafuta hutambaa juu ya paipu na kudondoka pale inapopinda kwenda chini, pengine nusu mita kutoka kwenye tundu. Tena tundu dogo la kutu laweza kutodondosha kabisa gari likiwa limesimama, kwa kuwa bila mguu kwenye pedali hakuna shinikizo. Kausha kila kitu, mwambie msaidizi awashe injini, gia ikiwa huru na hendibreki juu, kisha akanyage kwa nguvu na kushikilia. Wewe simama pembeni na tochi. Ukiona ukungu mwembamba au uzi wa mafuta unaoruka, basi.

Kabla hujafungua chochote, jiulize kwa nini imetoboka. Kutu ya nje haihitaji maelezo. Lakini kama paipu imekwanguliwa na springi, kebo ya hendibreki au eksozi, paipu mpya itakwanguliwa vile vile usipoisogeza. Kama imebanwa na jeki iliyowekwa vibaya, hilo ni la kumwambia kila anayenyanyua gari lako. Kama imeoza kutoka ndani, mafuta yamekaa muda mrefu mno: mafuta ya glaikoli hufyonza maji kutoka hewani, ndiyo maana watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila miaka miwili. DOT 3 mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 205, yakiingiwa na maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Maji hayo hayo ndiyo yanayokula chuma.

Marekebisho ya kukataa

Kuikunja paipu na kuigonga nyundo ili gurudumu moja lisipate mafuta. Kutia gololi ndogo ndani ya kiungo kwa lengo hilo hilo. Kuchomelea tundu. Gundi ya vyuma. Kipande cha mpira wa petroli na klipu mbili. Kuzungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi za nati, ilhali nyuzi hazizibi chochote, kinachoziba ni mdomo wa paipu ulioshindiliwa kwenye kiti chake. Viungio vya kubana vya mafundi bomba wa majumbani navyo ni hivyo hivyo, paipu huchomoka. Breki ikikanyagwa kwa nguvu, shinikizo ndani hupita kwa urahisi bar 70. Ukimkuta fundi anakupendekezea mojawapo ya haya kwa sauti ya kukutuliza, chukua ufunguo wako.

Kuunga kipande kipya katikati ya paipu, kwa midomo iliyopanuliwa vizuri na kiungio kilichotengenezwa kwa ajili ya breki, kunakubalika pale paipu iliyobaki ni nzima. Kwenye gari la zamani mara nyingi si nzima. Mimi nabadilisha kutoka kiungo hadi kiungo, maana gharama kubwa ya kazi hii ni kulala chini, na paipu yenyewe ni kitu kidogo.

Kuifungua ya zamani

Pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati zote siku moja kabla. Kwa nati hizi usitumie spana ya kawaida ya mdomo wazi, utaziviringa pembe. Ipo spana ya ringi iliyokatwa pengo la kupitisha paipu, inashika pembe tano kati ya sita. Pale paipu inapokutana na hozi, shika hozi kwa spana ya pili, la sivyo utaisokota.

Nati ikizunguka pamoja na paipu, kutu imeviunganisha. Kwa kuwa paipu inatupwa hata hivyo, ikate karibu na nati na utie soketi ya pembe sita. Hapo huwa inaachia.

Ili kopo lisimwagike lote, bonyeza pedali kidogo, kama sentimita tatu, na uizuie hapo kwa kijiti kilichoegemezwa kwenye kiti. Pistoni ya masta huwa imepita tundu linaloshuka kutoka kwenye kopo, na mafuta hayapati njia. Mafuta yakidondokea bodi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo. Ukipangusa tu kwa kitambaa unayasambaza, na rangi itabanduka.

Kutengeneza mpya

Paipu nyingi za magari madogo zina kipenyo cha inchi 3/16, yaani milimita 4.75. Pima yako, usikisie. Chuma kilichopakwa kinga ni sawa. Shaba iliyochanganywa na nikeli ni bora zaidi kwa anayefanyia nyumbani: haishiki kutu, inapinda kwa mkono na mdomo wake haupasuki unapoupanua. Shaba tupu iache, huchoka kwa mtetemo.

Pima urefu kwa uzi unaofuata mikunjo ya paipu ya zamani, ongeza kidogo kwa ajili ya midomo. Kata kwa kikata paipu cha gurudumu, si msumeno, kwani unga wa msumeno utaishia kwenye sili. Safisha ukingo wa ndani, puliza hewa. Halafu ingiza nati kwenye paipu, ikiangalia upande sahihi, kabla ya kupanua mdomo. Hapo ndipo watu wengi hujikuta wanakata na kuanza upya.

Aina ya mdomo ndiyo roho ya kazi. Ule unaofunguka kama tarumbeta, ukiwa umekunjwa mara mbili kwa pembe ya nyuzi 45, upo kwenye magari mengi ya Japani na Marekani. Ule wa mviringo kama uyoga upo kwenye mengi ya Ulaya. Haviingiliani. Ukifunga mmoja kwenye kiti cha mwingine, utakaza mpaka nati ikatike na bado itavuja. Tazama mdomo wa paipu ya zamani chini ya mwanga, na uhifadhi vipande vyake mpaka mwisho. Mdomo mzuri uko sawa pande zote, hauna ufa, haukuinama upande. Ukiona ufa kama unywele, kata, rudia. Angalia pia nyuzi za nati: za milimita 10 na za inchi 3/8 hukaribiana kiasi cha kuanza kuingia kabla ya kukwama.

Pinda taratibu ukifuata umbo la ile ya zamani, bila kona kali. Anza nati zote kwa vidole mpaka ziingie mizunguko kadhaa, ndipo utumie spana. Nguvu ya kukazia iko kwenye kitabu cha gari. Nyingi za milimita 10 ni kati ya newton-mita (Nm) 12 na 18, ambayo kwa mkono ni ndogo kuliko unavyodhani. Rudisha vibano vyote. Paipu inayoning'inia itakatika kwa mtetemo.

Kutoa upepo

Tumia mafuta mapya kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa siku hiyo. Vifuniko vya nipeli (vitundu vya kutolea hewa kwenye kalipa na silinda za magurudumu) vitoe na ulegeze nipeli kwa uangalifu, zile zilizokaa miaka hukatika shingo. Kwa magari mengi unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta na kumalizia na la karibu, ila kitabu cha gari kikisema vingine, kifuate. Msaidizi anakanyaga na kushikilia, wewe unafungua, mafuta yanatoka kwa mrija uliozama kwenye chupa, unafunga, ndipo anaachia. Akiachia kabla hujafunga, mmeirudisha hewa ndani. Kopo lisiachwe likauke.

Chini ya pedali weka kipande cha mbao. Masta ya zamani ina kutu na uchafu kwenye sehemu ambayo pistoni haijawahi kufika, na pedali ikishindiliwa hadi sakafuni sili hupita juu ya uchafu huo na kuchanika. Hivi ndivyo gari linavyoingia na paipu mbovu na kutoka na masta mbovu.

Baada ya hapo, injini ikiwa inawaka, kanyaga kwa nguvu na ushikilie dakika mbili huku mtu akipapasa kila kiungo kipya kwa karatasi kavu ya tishu. Kisha zunguka uwanjani kwa mwendo wa kutembea kabla ya kuingia barabarani, na upapase tena kesho yake.

Umemaliza, na pedali bado si nzuri

Kama nyuma mafuta yanatoka kwa shida, tafuta vali ya mzigo. Pikapu na magari mengi ya familia ya zamani yana vali karibu na ekseli ya nyuma yenye mkono ulioungwa na springi. Gari likiwa juu na magurudumu yananing'inia, vali hudhani gari halina mzigo na kubana mafuta. Weka stendi chini ya ekseli yenyewe ili ibebe uzito, au uuinue mkono ule, kisha rudia. Vali yenyewe nayo huvuja, iangalie chini yake.

Kama pedali iko chini lakini ni ngumu, rekebisha viatu vya nyuma. Kama bado inabonyea baada ya mizunguko mingi, angalia kalipa: zikifungwa upande usio wake, nipeli inakuwa chini badala ya juu, na hewa haitoki hata ukikanyaga mpaka usiku. Kama gari lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame unapofunga breki) na mkondo ulikauka kabisa, baadhi ya mifumo haitoi hewa yote mpaka kompyuta iamrishe pampu yake kuzunguka.

Na kama ilikuwa nzuri siku mbili halafu ikaanza kuzama, rudi chini na tochi, ukianzia paipu ya upande wa pili. Imekaa kwenye matope yale yale kwa miaka ile ile, na sasa kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu inapata shinikizo kamili.